Kwa Martine, Kuhusu Clovis na Mtoto Anayekuja

Panda, Likasi
Tarehe 17 Machi 1996

Mpendwa mdogo wangu Martine,

Pokea salamu nyingi kutoka nyumbani kwetu, wewe pamoja na shemeji Alphonse. Mko wazima huko Mwene-Ditu? Mguu wa Alphonse umepona, au bado unavimba akisimama muda mrefu? Na wewe mwenyewe unapata usingizi? Najua mimba zako zilivyo, miezi ya kwanza hata harufu ya maji inakuchosha. Kula hata kama hutaki.

Sisi huku tunapumua, Mungu ashukuriwe. Lambert wangu anakohoa tangu mvua zianze lakini anatembea. Mahindi ya nyuma ya nyumba yamezaa vizuri kuliko mwaka jana. Binti yetu Glodie amekuwa mrefu, gauni lake la komunyo ya kwanza sasa linamfika juu ya magoti. Na Clovis wako ni mzima. Anakula, amenenepa kidogo mashavuni, meno ya mbele yameng'oka na mapya yanachungulia. Naanza na hilo ili moyo wako utulie kabla hujasoma mengine.

Barua yako ililetwa na mama mmoja mfanyabiashara aliyepanda treni kwenu, maana posta hapa imebaki mlango tu. Nimeisoma mara nyingi. Unasema mama mkwe wako anakuambia usitegemee kitu kizuri, kwamba tumbo la mwanamke wa Katanga linazaa wavulana waliofungwa ulimi. Unaniuliza, akiwa mvulana tena, atakuwa kama Clovis? Kisha unauliza lile unaloliuliza tangu mlipoondoka: nilifanya nini?

Nitakujibu, Martine. Lakini kwanza nikueleze yaliyotokea hapa mwezi wa kwanza, kwa sababu jibu langu lilitoka humo.

Panda uliyoiacha siyo hii. Mabomba ya kiwanda yamesimama bila moshi. King'ora cha zamu hakilii tena, lakini saa yake ikifika Clovis anaziba masikio, analala kifudifudi mpaka kipite. Sijui anasikia nini. Majirani wakimwona wanatoka uani kwetu taratibu, hawaagi. Nyumba za watu wa Kasai waliofukuzwa pamoja nanyi zina watu wengine sasa. Nikipita kwenye ile yenu naona mapazia yako bado yako dirishani, yale ya maua mekundu, na mwanamke nisiyemjua anayafungua asubuhi kama ulivyokuwa ukiyafungua wewe. Natazama upande wa pili na kuendelea na safari yangu.

Kwenye nyumba ya pembeni, ile ya mzee aliyekuwa fundi cherehani, wamefungua chumba cha maombi. Mchungaji wake anaitwa Chadrack, kijana mwenye sauti nzuri. Lambert alianza kwenda huko wakati mshahara ulipokoma kabisa. Sikumzuia, mtu akikaa nyumbani bila kazi anahitaji mahali pa kuvaa shati lake. Lakini siku moja alirudi amebadilika uso, akaniambia maneno aliyopewa, ya kumwita Clovis mchawi: "Ule mutoto iko na bulozi. Njo anafunga kazi ya baba."

Nilimwambia, "Kazi imefungwa Likasi nzima, Lambert. Clovis alifunga kiwanda?" Nikadhani yameisha.

Nikaenda ziwani Tshangalele kununua samaki wa kukausha, kama kawaida yangu. Niliporudi na mzigo kichwani nilimkuta Lambert amekaa chini kwenye kizingiti, mikono kichwani. Alikuwa amempeleka mtoto kwa Chadrack. Walitaka kumfungia ndani bila chakula mpaka roho iliyomkaza ulimi itoke. Walipoanza kuimba na kupiga ngoma, wote kwa pamoja, wamemzunguka, Clovis alipiga kelele ile unayoijua, akamuuma mtu mkono, akaruka dirishani na kukimbia. Walimtafuta mchana wote. Hakuna aliyemwona.

Martine, nilitupa samaki chini. Nilikimbia mpaka kwenye mashimo ambako watu wanachimba mawe siku hizi, nikaita jina lake juu ya kila shimo, nikijua vizuri kwamba haitikii jina lake. Ndicho kilichoniogopesha zaidi. Ukimwita mtoto mwingine, angalau kimya chake kinakuambia hayupo. Cha Clovis hakikuambii kitu. Katika shimo moja nilisikia mtu akinung'unika ule wimbo wake usio na maneno. Niliteremka kwa mikono na magoti. Hapakuwa na mtu. Mpaka leo sijui nilisikia nini, na mimi si mtu wa kusikia mambo.

Ni Glodie aliyempata. Nilirudi nyumbani kumchukua Lambert twende upande wa mto, tukamkuta msichana amesimama njiani ananingoja, mikono imenyooka ubavuni.

"Mama, iko ku gare," akaniambia. "Anaendaka kule sababu kelele ilishaisha."

Nikamuuliza amejuaje. Akasema, "Hata minye ningeenda kule."

Tulimkuta kwenye stesheni, mwisho kabisa wa jukwaa, kwenye ule ukuta mlipolala wiki zile mkingoja treni ya kuwapeleka Kasai. Watu walikuwa wamejaa pale kama magunia, unakumbuka, na watoto wakifa kwa surua. Sasa pametulia, majani yameota kati ya mawe. Alikuwa amekaa mahali palepale ulipotandika mkeka wako, anapitisha kidole kwenye ufa wa ukuta, juu, chini. Hakulia. Alinuka moshi na mkojo. Glodie hakumgusa wala hakumwita. Aliketi karibu naye, akaanza kupitisha kidole kwenye ufa mwingine. Baada ya muda wakasimama pamoja.

Nakuambia haya si ili ulie. Najua kwa nini ulimwacha. Nilikuwepo. Nilimwona akipiga kichwa kwenye chuma cha behewa, na mimi ndiye niliyemtoa mikononi mwako. Angekufa katika safari ile.

Jioni hiyo nilimuuliza Glodie maana ya maneno yake. Unamjua Glodie, mtoto ambaye kila mtu anamsifu, masista wanasema ni mtulivu, anasoma, hasumbui. Alinijibu akitazama sufuria.

"Kelele inaniumizaka, mama. Minye nakaza tu meno. Clovis hajui kukaza."

"Na shuleni?"

"Naangaliaka Danielle. Akicheka, nacheka. Akishika muntu mukono, na minye nashika. Nikifika nyumba ninachoka sana."

Danielle ni rafiki yake, wanakaa dawati moja. Nilikumbuka mambo niliyoyaona bila kuyaona: anavyokula chakula kimoja tu kwenye sahani moja tu, anavyojifungia chooni tukipata wageni, anavyocheka nyuma ya wengine, amechelewa kidogo. Na hapo nywele zilinisimama, Martine, kwa sababu kicheko kile nakijua. Ni cha shangazi Mwadi.

Wewe ulikuwa mdogo sana. Shangazi alikuwa akifagia uwanja kwa mistari, na mtu akikanyaga mistari anaanza upya, hata mara ngapi. Alikuwa akitenga maharagwe kwa rangi kabla ya kupika. Alipokuwa msichana walimwita mtulivu, mwenye adabu, mke wa mtu. Walimwoza. Mume akamrudisha, akisema mwanamke huyu hanitazami, ni kama nimeoa ukuta. Basi neno likageuka. Mtoto wa jirani alipofariki, utulivu wake ukawa bulozi. Baba alitoka naye asubuhi moja, akarudi peke yake, na tukakatazwa kutaja jina lake. Tangu niliposikia kicheko kile kwa binti yangu, namwona shangazi kila mahali. Nikigeuka ghafla uani, kuna mtu ameinama na ufagio. Ni Glodie. Mara nyingine hata si Glodie.

Niliogopa kulala na jambo hilo peke yangu. Masista walikuwa wametaja daktari wa Lubumbashi, jina lake Athanase, anayepita kwao mara kwa mara. Alijifunza Ubelgiji kutibu watoto wa namna hii. Nilimpelekea wote wawili, na Lambert akaja nyuma yetu bila kuitwa. Daktari alikaa chini sakafuni na Clovis muda mrefu, bila kusema. Kisha akaongea na Glodie, lakini juu ya treni na mawe, si juu ya yeye mwenyewe. Baadaye akatuambia jina la jambo hili kwa Kifaransa, autisme, yaani mtoto anazaliwa akisikia na kuona ulimwengu kwa njia yake.

Nilimuuliza swali lako, neno kwa neno. Mama yake alifanya nini?

"Mama hakufanya kitu," akasema. "Zamani banganga ba Ulaya walisema ni mama mwenye moyo baridi. Walikosea. Bamama wengi waliumia bure."

Nikamtajia siku za uporaji wa askari mwaka wa tisini na moja, jinsi Clovis alivyokuwa ameanza kusema "mama" na "maji", risasi zikalia mjini, na baada ya hapo maneno yakapotea moja moja. Nilijua unaamini ni risasi zilizochukua ulimi wake, kwa sababu ulikuwa umemfunga mgongoni ulipokimbia. Akaniambia kuna watoto wanaopoteza maneno katika umri uleule kwenye miji ambako bunduki haijawahi kulia. Nikamtajia moshi wa kiwanda, samaki, homa uliyopata ukiwa na mimba. Hakucheka. Alisema watu wanachunguza mengi na hakuna anayejua sababu yote. Pengine si moja, ni nyingi zinazokutana. Wanaloliona zaidi ni kwamba jambo linatembea katika familia, linapita katika damu, kwa mmoja linaonekana wazi na kwa mwingine linajificha.

Lambert akauliza kwa nini basi ni wavulana. Daktari alikubali: wanaowapata ni karibu wavulana wanne kwa msichana mmoja. Wengine wanadhani mwili wa msichana unapokea toka kwa mama na baba vitu viwili pale ambapo mvulana ana kimoja tu, hivyo kimoja kikiharibika kingine kinamshikilia. Wengine wana mawazo mengine. "Lakini minye najiuliza," akasema, "kama tunahesabu muzuri. Mutoto mwanaume akinyamaza, tunasema iko mugonjwa. Mutoto mwanamuke akinyamaza, tunasema iko na adabu." Akamtazama Glodie, aliyekuwa akipanga vifuniko vya chupa kwa ukubwa. Hakumpa jina. Alisema hawezi kuapa, kwamba kwa wasichana bado wanajua kidogo sana. Aliniambia tu nimpe mahali pa kupumzikia kila siku, pasipo na mtu wa kuiga.

Kwa hiyo, mdogo wangu, jibu langu ni hili. Mwambie mama mkwe wako amesema kweli nusu. Huenda ilitoka kwetu. Huku Panda watu husema ni damu ya Kasai, huko kwenu wanasema ni damu ya Katanga, na kila upande unalala vizuri. Mimi nadhani ilikuwapo nyumbani kwa baba kabla hujamjua Alphonse. Lakini haikuwa dhambi ya shangazi Mwadi, wala si yako, wala si yangu. Mtoto anayekuja sijui atakuwaje. Daktari hajui. Akiwa mvulana, mtaogopa mapema. Akiwa msichana, mtazame hata kama kila mtu anamsifu. Nisikudanganye: mimi bado naogopa. Jina la Kifaransa halikumwondoa yule mwanamke mwenye ufagio.

Lambert haendi tena kwa Chadrack. Hakuomba radhi kwa maneno, hujui alivyo? Lakini amezungushia uzio wa matete ile kona karibu na bafu, akaweka kigoda ndani. Glodie akitoka shule anaingia humo, na hatumwiti. Clovis anamfuata. Tunasikia kimya chao, na siku hizi Lambert akipita hapo anavua viatu.

Usije kumchukua kabla hujajifungua. Treni bado ni mbaya, na watu hapa bado wana maneno mabaya juu ya jina la Alphonse. Mambo yakipoa, tutaona. Hapa ana kitanda.

Nisalimie Alphonse sana, mwambie sijasahau alivyotushonea viatu vya Noeli. Msalimie hata mama mkwe wako, kwa upole. Lambert anakusalimu. Glodie anakusalimu wewe mama yake mdogo, alisema nikuandikie hivi hasa: "Tantine, niko muzima."

Clovis hatumi salamu, hajui salamu ni nini. Ila nilipomwambia kwamba namwandikia mama yake, alisogea nyuma yangu akaweka kidevu chake begani kwangu. Ni kizito, mkono unaniuma, ndiyo maana mwandiko umepinda kuanzia hapo juu. Bado hajakiondoa, na mimi sisogei.

Mungu akulinde wewe na uliyembeba, awe nani awe.

Ni mimi dada yako, ninayekupenda hata mbali hivi,

Germaine