Mkamburi Watatu Katika Seti Moja

Mpendwa Baba,

Jana mwanafunzi wangu mmoja wa kompyuta aliniuliza seti ni nini, na nilipoanza kumjibu nikajikuta nazungumza nawe. Kwa hivyo nimeketi nikuandikie, ingawa huu ni mwaka wa pili tangu tukuzike hapo nyumbani Chawia.

Unaikumbuka ile likizo ya Agosti, miaka ya themanini, nilipotoka chuoni Nairobi? Niliwaambia wewe na Mama kwamba nimekuja kupumzika. Ukweli ni kwamba nilikuwa nimeanguka mtihani wa kuandika programu za kompyuta, na nikianguka tena ningefukuzwa. Barua ya chuo niliificha katikati ya kurasa zangu za fotokopi. Nilisahau kwamba wewe, baada ya miaka yote ile katika ofisi ya vifurushi pale stesheni ya Voi, hukuweza kupita karatasi bila kuisoma.

Nilikukuta barazani, barua iko magotini. Nikangoja unigombeze. Ukaniuliza tu, "Ni swali gani lilikushinda?"

Nikakiri ukweli. Yalinishinda yote, maana nilikariri bila kuelewa. Ukanivutia stuli, ukasema basi nikueleze kuanzia ukurasa wa kwanza, mpaka nawe uelewe.

Nikakueleza kwamba katika lugha ile ya kompyuta tuliyofundishwa kila kitu kinaweza kuulizwa, nacho kikajibu. Namba inaulizwa, neno linaulizwa, hata kweli na uongo vinaulizwa. Hilo lilikufurahisha sana. Ukataka kujua kama namba inayoandikwa juu ya kifurushi nayo ni namba. Nikasema ndiyo. Ukauliza kama nimewahi kuona mtu akijumlisha namba za vifurushi viwili. Hapo nikafungua kurasa zangu upya. Ile ya kifurushi ilikuwa maandishi tu, na sufuri zinazoandikwa mwanzoni mwake zingepotea kama ningeiita namba.

Tukaingia kwenye mikusanyiko, yaani njia za kuweka vitu vingi pamoja. Ule wenye nafasi zisizoongezeka uliufananisha na trei ya mayai. Orodha inayorefuka ukasema ni foleni ya kinu cha posho. Nilipofika kwenye seti, nikakwambia haikubali kitu kimoja kuingia mara mbili. Ukiweka jina ambalo limo tayari, inabaki vilevile.

"Hapa Chawia tuna wanawake watatu wanaoitwa Mkamburi," ukasema. "Hiyo seti yako itabakiza mmoja?"

Mama alikuwa kando yetu anapukuchua mahindi. Akasema, bila kuinua kichwa, kwamba yeye ni mmoja wao na haondoki.

Tulicheka, lakini swali lako lilinikalia kichwani siku mbili nzima. Nililima nalo, nikaenda nalo mtoni. Siku ya tatu nilikujia mbio shambani nikakwambia kosa ni langu: nilikuwa naweka majina, ilhali ilinipasa kuweka watu wenyewe, kila mmoja akiwa na jina lake ndani yake. Majina matatu yanafanana, lakini watu ni watatu. Uliegemea jembe, ukafikiri, ukasema sasa hapo nimekuelewa.

Niliporudi chuoni, swali la mwisho la mtihani lilihusu jambo hilohilo. Nilipita.

Nilipopata kazi Mombasa nilikuchukua Jumamosi moja ukaione mashine yenyewe. Ulivaa koti lako la kanisani. Uliandika jina lako, Mwakio, kwa kidole kimoja, tukaliuliza lina herufi ngapi. Likajibu sita. Ukazihesabu mwenyewe kuhakikisha. Kisha ukataka tuliulize baba yake ni nani. Nilikwambia halitajua, ukasema tuulize tu. Kwenye kioo kukatokea maneno ya Kiingereza, nikakutafsiria kwamba halijaelewa swali hilo.

Nilidhani utavunjika moyo. Ulitazama kioo, mikono magotini, ukasema, "Halijui, na limesema halijui. Basi linafundishika."

Hukuniangalia uliposema hivyo, wala hukutaja ile barua niliyoificha. Sikuuliza kama ulikuwa unaizungumzia mashine peke yake. Ningependa kukuuliza leo.

Lala salama, Baba.

Bintiyo,
Wakesho