Plasta Mliyoichoma

Busia, upande wa Uganda
9 Machi 2025

Mpendwa mdogo wangu Lenox,

Nakusalimu, maana mama alitufundisha kumsalimu hata mtu aliyetukosea. Joto la Doha linakuachia? Huku ni wazima wote, hata mimi uliyeniita mwendawazimu.

Ndiyo, nilikusikia! Baba mdogo Oguttu aliweka simu yako kwenye spika mbele ya ukoo, nami nimekaa palepale. Ukasema shangazi aliyerukwa na akili hawezi kumtoa binti yako Daphine chumbani mbele ya wakwe siku ya utambulisho, watakapokuja kumposa, atolewe na shangazi yake mwingine, Loy. Loy ambaye hajawahi hata kumwogesha huyo mtoto! Uliniumiza sana.

Kweli mwaka jana nilikuwa vibaya. Hedhi ilikoma, usingizi nao ukanikimbia. Nikawa nalia ovyo, nasahau bei ya omena, dagaa hao niliowauza miaka ishirini. Siku moja nilitamani kufa, na hakuna aliyeniuliza nina nini.

Daktari wa wanawake kule Kisumu ndiye aliyeuliza. Akasema homoni zikipungua hata ubongo unayumba: usingizi, kumbukumbu, moyo wa furaha. Akanipima, akanipa plasta ya homoni ya kubandika kiunoni na vidonge vya kumeza. Hakuniahidi miujiza, wala hakusema inamfaa kila mwanamke. Mimi imenifaa.

Wewe ukasikia dada yako ana kitu kimebandikwa mwilini, ukaamua ni kazi ya mganga. Ukamtuma mchungaji! Wanawake wanne wa kanisa lake wakanishika, mkeo Annet akaibandua, wakaichoma huku wanaimba. Plasta ya hospitali, Lenox! Wewe ukibandika yako ya mgongo, nani anakukemea mapepo?

Sasa sikiliza. Mpigie Baba mdogo, simu iwe kwenye spika vilevile, useme ulikosea. Daphine ameapa hatoki chumbani bila mimi. Wakwe watakaa hapo mpaka chakula kipoe.

Na mwenzako akinyolewa, wewe tia maji. Jumanne Annet alikuja jikoni kwangu akilia. Miezi mitatu halali, shuka linalowa jasho, anawagombeza watoto kisha anajuta. Nimempeleka kwa daktari yuleyule. Plasta zake ziko kabatini kwangu, kazificha. Ameniruhusu nikuambie, kwa sababu yeye mwenyewe hathubutu. Haogopi ugonjwa, anakuogopa wewe.

Haya, mwite na yeye mwendawazimu, tusikie.

Msalimie binamu yetu Cornelius hapo mnapolala. Mungu akulinde kazini, na masikio akuzibue.

Dada yako, anayekupenda hata leo kwa shida,
Provia