Mdhamini wa Rebeka

Kamunyonge, Musoma
3 Machi 2025

Baba yangu mpendwa,

Shikamoo. Mimi mzima, wasiwasi ni kwako na hicho kifua. Naandika kwa sababu simu yako haipatikani tangu ilipozama kwenye pipa la maji.

Wajua ile tovuti yangu, Mwaloni, ninayoandikia wavuvi bei za sato na dagaa na hali ya ziwa. Inasomwa mpaka kisiwani Rukuba, lakini kusomwa hakunipi ugali, na ada yake ya mwaka imefika. Matangazo yanayojileta yenyewe mtandaoni yananilipa pesa ya chumvi. Nataka mwenye biashara anilipe moja kwa moja, nimtangaze. Nimezunguka maduka ya Mukendo mpaka kandambili zimekatika. Muuza nyavu mmoja kaniuliza, "Wewe ni redio gani?"

Nimechoka, Baba. Nisipopata mdhamini kabla ya mwezi kuisha, wataifunga. Niombee.

Mwanao,
Rebeka

Butiama
5 Machi 2025

Rebeka mama yangu,

Marahaba. Kifua achana nacho. Miwani yangu imebaki kioo kimoja, lakini yaliyo muhimu nimeyasoma: unatafuta mdhamini, na usipompata watakufunga. Nimekaa chini kwanza.

Sijaazima simu ya mtu kukupigia, najua mahabusu hawaachiwi simu. Usiandikishe maelezo yoyote mpaka nifike. Mtendaji wa kijiji amenipa barua kwamba shamba ni langu. Wadhamini hutakiwa wawili, kwa hiyo kesho napitia Bunda kwa Baltazari, tuliyekuwaga tunalima naye pamba. Siku hizi ana duka la mbegu na pampu za kunyunyizia dawa. Amos wa basi atakuletea hii popote walipokuweka. Kula wanachokupa.

Baba yako,
Wanzagi

Kamunyonge
6 Machi 2025

Baba,

Shikamoo. Sijakamatwa. Naandikia juu ya kiti cha basi, dereva anapiga honi. Ni "wataifunga", tovuti, si mimi. Mdhamini ninayemtaka ni wa matangazo. Tafadhali usiende Bunda.

Mwanao aliye huru,
Rebeka

Bunda
6 Machi 2025, jioni

Rebeka mama,

Habari za huko? Nimeshajua hauko ndani. Mungu ashukuriwe, nimelia mbele ya wateja wa watu.

Baltazari alikubali kabla sijamaliza kueleza. Akafunga duka, akachukua hati ya kiwanja chake. Tukiwa stendi akauliza kesi ni ya nini, nikampa barua yako. Akaisoma mara mbili, akasema, "Wanzagi, huyu mtoto hana kesi. Anatafuta tangazo." Akacheka mpaka kondakta akaja kututazama.

Anasema akishatoka kwenda kumdhamini mtu, harudi bila kudhamini. Ila ni mfanyabiashara huyu. Akauliza, hao wavuvi wako wanalimaga? Nikamjibu, hata aliyeko Rukuba ana shamba la mama yake huku bara. Ni kweli, au nimekuharibia?

Baba yako

Kamunyonge
25 Machi 2025

Baba,

Shikamoo, na baba mdogo Baltazari umfikishie yake. Hukuniharibia. Mimi nilizunguka nikieleza idadi ya wasomaji, wewe ukaeleza shamba la mama, ndilo lililouza.

Tangazo la pampu liko hewani, ada imelipwa, tovuti haifungwi. Yule muuza nyavu wa Mukendo ameliona, na jana kaniita mwenyewe tuelewane bei. Nimepumua, Baba. Nimelala usingizi ambao nilikuwa nimeusahau.

Jambo moja linanirudia. Siku zote nilidhani kazi yangu unaionaga mchezo. Kumbe ulikuwa tayari kuliweka shamba dhamana, wala hukuniuliza nimekosa nini.

Mwanao,
Rebeka

Butiama
1 Aprili 2025

Rebeka mama,

Marahaba. Mimi mzima, na miwani nimenunua mipya. Kazi yako sijaielewa bado, ukija utanionyesha polepole. Na kama ungekuwa umekosa, hilo ningekuuliza tukishafika nyumbani.

Mtendaji ameulizia ile barua yake kama nairudisha. Nimemwambia hapana. Iko ndani ya Biblia, haiozi.

Mdhamini wako,
Baba