Matusi Yako Yamechapishwa, Mtani

Geita, Jumamosi, tarehe 6 Agosti, 1955. Asubuhi ya baridi. Upepo umevuma kutoka upande wa ziwa tangu alfajiri, vumbi la mgodi likaenda kwingine, na nguo zangu kwenye kamba zimebaki nyeupe. Siku nzuri ya kuanika.

Mtani wangu Mama Sefu,

Sikuandikii ili kukusalimu. Salamu zako nilizimaliza ulipokuwa hai, kila asubuhi nikikuambia "mwangaluka" kama tunavyoamkiana Wasukuma, nawe ukiniitikia "waalaikumu salaam" kwa makusudi, uone nitakasirika lini. Nakuandikia kukupa habari moja tu. Jarida limefika.

Limefika jana kwa lori la Mwanza, limebanwa kati ya magunia ya sukari, na pembe moja ya bahasha imelowa mafuta ya taa. Jalada lake ni la rangi ya majivu, halina picha. Nilianza na kurasa za mwisho, kama wewe unavyoanza na nyama kabla ya ugali. Maneno yako yapo. Yote yapo, hata yale ya babu yangu.

Unakumbuka lilivyoingia mara ya kwanza jikoni kwako, pale ulipowapikia wachimbaji. Padri mmoja wa Ushirombo alikuwa ameniazima toleo la zamani nilipokwenda kumwona dada yangu, akasema ni jarida la wataalamu wa ng'ambo, linaandika historia ya maisha ya kila siku, si ya wafalme wala vita. Nikakuletea. Ulikuwa umekaa juu ya mbuzi yako, kile kigoda cha kukunia nazi ulichokisafirisha kutoka Uzaramo mpaka huku tusikokuwa na mnazi hata mmoja, ulimi wake wa chuma umeufunga kitambaa usikuchane. Nikakutafsiria makala ndefu juu ya mito ya kulalia.

"Hawa watu wamekosa kazi," ukasema. "Msomi mzima anaandika habari za mto wa kulalia?"

Ukakoroga sufuria. Ukaonja. Ukaongeza chumvi. Kisha, bila kunitazama, ukauliza, "Na huo mto, ndani walitia nini?"

Hapo nikajua nimekupata.

Mimi nilitaka tuliandikie makala juu ya michembe. Kwetu Shinyanga nilikua nikiiona imetandazwa juu ya miamba baada ya mavuno, viazi vitamu vimekatwa vipande vyembamba vikiwa vibichi, vinakauka mpaka vinalia kama vigae ukivishika. Nilidhani hiyo ndiyo makala yote. Ukanikatalia. Ukasema michembe ya miambani ni historia ya bibi yangu, lakini michembe ya kambi ya mgodi ni historia yako, na ulisema kweli. Watu wa pwani waliokuja kuchimba dhahabu walifika Ramadhani ya kwanza wakakuta hakuna nazi, hakuna muhogo wa kufuturia, kuna michembe tu. Ni wewe uliyeitazama michembe yetu kwa dharau, ukailoweka, ukasaga karanga, ukakamua tui lake, ukapika humo kwa iliki. Wakafuturu. Mwaka uliofuata Wasukuma nao wakaja na bakuli, Wakatoliki wazima, wanafuturu bila kufunga.

Tukagawana makala. Nusu ya kwanza yangu, nusu ya pili yako. Ulisema nami nikaandika. Kila nilipokusomea ulisikiliza kwa sikio moja, kichwa umekiinamisha, na kila nilipolainisha neno ulilikamata.

"Hilo umeliosha, Kabula. Lirudishie uchafu wake."

Nikalirudishia. Ndiyo maana imo, kwa mwandiko wangu mwenyewe, habari kwamba Wasukuma hukausha kila kitu na mvua ikichelewa huanika hata wake zao. Ndiyo maana imo habari ya babu yangu aliyebeba pembe kichwani mpaka pwani siku za misafara, akarudi na chumvi, na akili akaisahau njiani. Nami kwenye nusu yangu niliandika kwamba Wazaramo hawana cha kukausha kwa sababu hawabakizi kitu. Wanakula mpaka mbegu, kisha wanapiga ngoma kuita mavuno mengine. Ulilipenda sana hilo. Ulinitaka nilisome tena mbele ya Baba Sefu.

Tukatia sahihi. Mimi kwa herufi zangu za shule, wewe kwa zile za chuoni kwenu, kutoka kulia kwenda kushoto, ukasema sasa majina yetu yatakutana katikati.

Tukaituma. Halafu ikaja homa ya masika. Sitaandika juu ya homa. Ulikuwepo, unaijua kuliko mimi.

Barua ya Bwana Mhariri ilifika matanga yakiwa yamekwisha. Aliandika kwa adabu. Makala ni nzuri, wasomaji wataipenda, ila sehemu ya pili ina kashfa nyingi dhidi ya kabila la mwandishi wa kwanza. Alihofia kwamba kati yetu kuna uhasama wa siku nyingi. Kwa hiyo alishauri sehemu ile iondolewe, na wewe utajwe chini, kwa herufi ndogo, kama mtoa habari.

Nilicheka, Mama Sefu. Nilikuwa peke yangu darasani, wanafunzi wangu wamekwisha kwenda, nikacheka mpaka nikaketi. Uhasama, sisi. Nilitaka kukimbia nije kukuambia, nikafika mlangoni kabla ya kukumbuka.

Hapo ndipo nilipoacha kucheka. Kama nusu yako ingeondolewa, ningebaki mimi na miamba yangu. Tui la karanga lisingekuwepo, wala Ramadhani ile, wala bakuli za Wakatoliki. Miaka ijayo mtu angesoma na kudhani kambini tulikula tu kilekile walichokula bibi zetu. Na wewe ungekuwa mstari mmoja mdogo chini ya ukurasa, nyuma ya jina langu, wewe ambaye hukukaa nyuma ya mtu hata kisimani.

Nikakaa kumjibu. Niliandika, "Utani ni desturi ambayo," nikachana. Niliandika, "Kati ya Wasukuma na Wazaramo, tangu enzi za misafara, kuna," nikachana. Kuueleza utani ni kama kumweleza mtu pilipili. Mwisho nikaacha kueleza. Nilifungua shajara yangu pale nilipoandika siku ya maziko yako, nikanakili kama ilivyo.

Nilimwandikia kwamba asubuhi ile nilivaa kanga yako ya njano, nikafunga kilemba kama unavyofunga, upande mmoja ukining'inia. Nikaingia kwa mwendo wako, ule wa kutangulia na kifua. Nikawapitia wafiwa mmoja mmoja nikiwaambia kwa sauti yako kwamba maharagwe hayajaiva, kwamba vyombo vimeoshwa vibaya, kwamba nikiondoka kidogo tu nyumba inageuka zizi la Wasukuma. Dada yako, aliyekuwa hajaacha kulia tangu ashuke kwenye lori, akainua kichwa. Akanitazama. Kicheko kikamtoka puani, akaanza kunirushia makapi ya mchele huku machozi yanamtiririka, "Mtu huyu! Mtu huyu hana haya!"

Wanaume walipotaka kukutoa nikaketi mlangoni juu ya mbuzi yako, nikatandaza miguu. Nikawaambia hapiti mtu. Mzaramo huyu amekula michembe yetu miaka yote na sasa anataka kuondoka kimyakimya. Nipeni haki yangu.

Baba Sefu akauliza, "Unataka nini, mtani?"

Nikasema nataka kiti nilichokalia.

"Kichukue," akasema. "Huko aendako minazi ipo, na wakunaji wapo."

Nikasimama nikapisha. Ulipita karibu sana nami. Sikulia, kwa sababu mtani halii, na kwa sababu nilikuwa nimeshika mbuzi kwa mikono yote miwili.

Hayo ndiyo niliyomwandikia Mhariri. Mwishoni niliongeza mstari mmoja, nikikutaja kwa jina lako lote na la baba yako, ambalo mwanao amelirithi: kama sehemu ya Mwanahawa binti Sefu Mkongwe itaondolewa, naomba na yangu iondolewe, maana matusi yangu yatabaki hayana wa kuyajibu.

Alijibu kwa sentensi chache. Makala itachapwa nzima, kwa Kiswahili chetu na tafsiri yake kando, na kama ninaruhusu, habari za maziko zitawekwa mwishoni.

Jana jioni nikalipeleka jarida jikoni kwako. Bado wanapika pale, dada yako amebaki, na tui lake ni jepesi, lazima ulijue hilo. Baba Sefu alikuwepo, na wachimbaji waliotoka zamu, na Mzee Masanja, yule Msukuma mwenzangu aliyekuwa akisusa chakula chako kila Jumatatu na kurudi Jumanne. Nikasoma. Nilipofika kwenye kuanika wake zetu, Mzee Masanja akashika kichwa.

"Ametuvua nguo mpaka ng'ambo," akasema. "Sasa hata huko wanajua."

Kisha akaniomba jarida, akalishika kwa vidole viwili, akatafuta mahali penyewe ingawa hajui kusoma. Nikamwonyesha. Akaweka kidole pale akakiacha, ana furaha kama bwana harusi. Ameniomba nikimpata mtu wa kwenda kwao Segese nimpe jarida alipeleke, wakamsomee kaka yake.

 Baba Sefu akasema, "Soma tena pale anapomtaja babu yako."

Nikasoma tena. Akafumba macho.

"Ndiye," akasema.

Basi hizo ndizo habari. Mengine ni madogo. Wasichana wangu wa darasa la juu wameanza kuandika jinsi ugali unavyosongwa nyumbani kwao, na tayari wawili hawasemeshani kwa sababu ya mwiko wa kusongea. Mbuzi yako iko kwangu. Nilifungua kile kitambaa niuone ulimi wake, ukanichana sketi ya kwenda kanisani. Najua ni wewe.

Jana nilikumbuka pia ile nazi. Kaka yako alikutumia kutoka pwani, ikapita kwenye treni na malori mpaka ikafika hapa, kambi nzima ikaja kushuhudia. Ukaipasua, na harufu iliyotoka ikatukimbiza sote mpaka barabarani. Nikakuambia, "Hata nazi yenu imekuja kufa Usukumani." Ukacheka mpaka ukashika ukuta. Ukasema, "Afadhali imefika."

Nimelifikiria neno hilo tangu masika.  Ni mara yako moja tu ya kunishinda, usiizoee.

Sasa sikiliza ahadi yangu. Likizo ya Desemba nitakwenda pwani. Nitapanda lori mpaka Shinyanga na treni mpaka mwisho wake, na kutoka hapo mpaka kijijini kwa mama yako nitakwenda kwa miguu, mbuzi yako kichwani na jarida ndani ya kanga ya njano, kama babu yangu na pembe zake. Watu watacheka njiani. Waache wacheke, ni njia yetu ile. Nitampa mama yako kigoda chako, nitamwamkia shikamoo, nitakaa chini kwenye mkeka na kumsomea nusu yako, neno kwa neno, sitaosha hata moja. Akiniuliza mwanawe aliishije huku na sisi, sitakusifu. Nitampikia michembe kwa tui la nazi zenu, aonje mwenyewe.

Na akili yangu nitairudisha nyumbani, nikipata nafasi kwenye mzigo.

Lala salama, mla mbegu.

Mtani wako,
Kabula

Jumapili asubuhi, nyongeza. Jana nilizima taa saa nne. Nikaiwasha tena nisome ukurasa wako mara ya mwisho, na mara nyingine ya mwisho. Nililala saa saba kasorobo, nimechelewa misa, na kosa ni lako.