Protini ya Ubongo na Mursik ya Mama Chebet

Mama,

Eldoret ni baridi, lakini leo sikuisikia. Ile protini ya ubongo ya kuchunguza ugonjwa wa kusahau kama wa Baba imefika maabara, na mimi ndiye niliyeifungua. Ni unga mweupe, haujai hata ncha ya kijiko.

Jioni mwenye nyumba wangu, Mama Chebet, aliposikia habari hiyo, alinizuia mlangoni. "Umeshika ubongo wa mtu, halafu uingie jikoni kwangu?"

Nikamweleza hakuna aliyepasuliwa kichwa. Imetengenezwa na bakteria, vile bakteria wengine hugeuza maziwa yake kuwa mursik kwenye kibuyu. Akacheka, akanimiminia kikombe kikubwa.

Baba akiuliza tena Akinyi ni nani, mwambie ni binti yake, na leo amefurahi sana.