Ulipojificha Paharpur

Phulbari,
Siku ya sita baada ya Idi

Kaka yangu Montu,

Salamu nyingi zikufikie huko Malesia, na ninaomba kile kikohozi kiwe kimekuachia. Huku tunajikongoja. Shangazi analalamikia magoti yake kama kawaida, na mbuzi wako amezaa mapacha.

Tangu nikupigie simu kukuambia mama ametutoka, nashika kalamu naiweka. Kuna mambo sikuyasema.

Unajua mwaka huu akili yake ilikuwa inakuja na kwenda. Nilipomtoa Dhaka kumrudisha nyumbani kwa Idi, alishikilia tushuke Jamalganj tupite Paharpur, kwenye yale magofu ya kale. Nikamwambia nchi nzima iko safarini, tukishuka tutapanda nini tena? Akasema kama sitaki nibaki na treni yangu. Unamjua mama. Tukashuka.

Magofu yako vilevile, kilima cha matofali katikati na vile vyumba vidogo vya watawa pande zote. Watu walikuwa wamefunga, hapakuwa na mtu ila mlinzi amesinzia. Mama hata kilima hakukitazama. Alipita chumba baada ya chumba akichungulia, akikuita. Si ulijificha pale ulipokuwa mdogo, wakakutafuta wakilia, kumbe umelala? Kwake ilikuwa bado siku ileile. Nilipomwambia uko Malesia, akaniuliza nimeanza lini uongo. Akaketi juu ya matofali akagoma kuondoka, eti ukitoka utatukosa. Nilimvuta mkono, kaka, nikamkaripia. Hilo linanichoma mpaka leo.

Treni ya jioni ilikuja imejaa hadi juu ya paa. Mama abiria walimpitisha dirishani kama godoro, naye anawatukana mmoja mmoja. Ndani, kijana mmoja akamwachia kiti, akabaki amebanwa ubavuni pake. Anaitwa Sohag, anashona viatu kiwandani, alikuwa anakwenda kwao Panchbibi. Mama alimtazama, akamshika mashavu.

“Parul, si nilikuambia? Alikuwa amejificha tu.”

Nikafungua mdomo nimsahihishe. Yule kijana akanionyesha kwa macho ninyamaze.

“Ndiyo, mama,” akasema. “Nimetoka.”

Basi aligombezwa huyo! Mbona umekonda, nani anakupikia, kila Idi unasema utakuja, mbona huji? Akaomba radhi kwa makosa yako yote, moja moja. Ilipoingia magharibi abiria wakagawana bisi za mchele na dengu, mama akamlisha kwa mkono wake. Kisha watu wakasogeana, Sohag akapata pa kukaa, mama akalala begani kwake ameng'ang'ania shati lake.

Panchbibi ikafika. Nikamwambia ashuke, kwao wanamngoja. Akautazama ule mkono shatini, akasema mama yake atamgombeza kesho, amezoea.

Tulipofika Birampur nilimgusa mama nimpe maji. Alikuwa ameshakwenda. Kwenye simu nilikudanganya kwamba amefia kitandani kwake. Amefia kwenye treni, kaka, begani kwa mtu nisiyemjua, akiamini ni wewe. Sohag hakusogea mpaka hapa Phulbari, akimkinga na msukumano, kisha akambeba.

Asubuhi ya Idi, jeneza lilipokuwa uani, imamu aliuliza ni mtoto gani wa marehemu atakayeshuka kaburini kumpokea. Mimi nilikuwa nimesimama mlangoni na wanawake, nikamwonyesha Sohag.

“Huyu,” nikasema.

Nimempa mtu nafasi yako, Montu. Nakupenda, na nina hasira na wewe, na sijui lipi limezidi. Nilitaka ulijue hili kutoka kwangu.

Shangazi na majirani wote wanakusalimu. Jitunze, ule vizuri. Kaburi liko kando ya baba. Lakini siku ukija, shuka kwanza Panchbibi, ukamwombe radhi mama yake Sohag. Usiku ule alimngoja mwanawe, na hakuja.

Mdogo wako,
Parul