Mtu Mrefu wa Mabwawani

Chumbani kwangu,
Jumapili, mchana

Kaka yangu mpendwa,

Shikamoo. Natumai umeamka salama na lile goti limekubali kukunjika, maana mara ya mwisho shemeji aliniambia unapanda ngazi kama mtu aliyebeba gunia la saruji. Msalimie sana, na watoto waambie baba mdogo bado yuko hai. Mimi ni mzima wa mwili. Nakula, nalala, na kazi za friji zipo tele kwa joto hili. Kichwa tu ndicho sina hakika nacho. Tangu asubuhi nimeianza barua hii mara tatu, na mara zote nimeishia kwenye salamu.

Utashangaa kupata barua badala ya simu. Kila nikikupigia unaniuliza kama shemeji yako, mke wangu, amekiri, nami nasema bado, halafu tunaanza kuzungumza habari za mpira. Kwenye karatasi huwezi kunikatiza. Nisamehe kwa kusema hivyo, lakini miaka yote ile ya ukarani mahakamani imekuzoesha kutaka kila mtu ajibu ndiyo au hapana, na haya yangu hayana ndiyo wala hapana.

Unakumbuka tulivyoachana siku ile ya kikao cha ukweni. Wewe uliondoka na daftari la mke wangu umelifunga kwenye gazeti, ukasema hicho ni kielelezo na kitakaa kabatini mwako chini ya kufuli. Yeye na binti yetu wakabaki kwa baba yake. Mimi nikarudi kwenye vyumba viwili na mngurumo wa friji. Daftari ulilichukua, lakini maneno yake nilikuwa nimeshayakariri. "Nimemwona tena leo, saa kumi na mbili na nusu. Amesimama peke yake kando ya maji." Kisha, "Leo hakuja. Nimerudi nyumbani moyo mzito." Kisha, "Mrefu, mpole, kijivu mgongoni, kifuani mweupe. Bado anachechemea mguu wa kushoto, maskini." Wewe mwenyewe ndiye uliyesema hilo la kijivu ni koti na hilo jeupe ni shati. Kila ukurasa ni Jumamosi, na kila Jumamosi ni mabwawani. Na Jumamosi zote hizo aliniaga kwamba anawahi kiwanda cha mikate, wakati mwenye kiwanda aliniambia kwamba wanawake wa tanuri hawafanyi kazi Jumamosi. Hilo la Jumamosi ni kweli, kaka, na silifuti.

Wiki mbili baada ya kikao nikafunga karakana nikaenda mabwawani mwenyewe. Nilitaka nimkute huyo mtu, nimtazame usoni, na kilichobaki kingejulikana hapo hapo. Hujawahi kufika kule. Ni mabwawa manne ya majitaka, ya pembe nne kama karatasi za mtihani, yamezungushiwa waya, na harufu yake inakupokea mbali kabla hujaona lango. Nilitegemea kumkuta mtu mmoja. Nikawakuta watu tisa, wamesimama kimya kama wako msibani, kila mmoja na darubini shingoni. Na katikati yao, kaka, alikuwapo mwanamume mrefu, koti la kijivu, shati jeupe. Alipopiga hatua, akachechemea. Mguu wa kushoto. Nikashika waya wa uzio.

Kabla sijajua niseme nini, mwanamke mmoja alinijia kwa kunyata. Baadaye nilijua ni msusi, na ndiye mwenyekiti wao. Akaninong'oneza, "Umechelewa, lakini karibu. Umekuja kujiunga?" Nikasema ndiyo. Ningesema nini? Akaniambia nipunguze sauti, akanivisha darubini, akaniletea kitabu cha wanachama niandike jina. Nikaandika jina la babu.

Ndivyo mdogo wako alivyokuwa mwanachama wa kikundi cha kutazama ndege na kulinda mazingira. Cheka tu. Kwa wiki nane kila Jumamosi nimekuwa kule. Wanahesabu ndege, wanaandika, wanazoa mifuko ya plastiki na nyuzi za mishipi ambazo wavuvi wa kuibia wanaziacha majanini. Kuna ndege mdogo wa kahawia walimbishania nusu saa nzima kama ni wa aina hii au ile. Ndege akaruka akaenda zake, wao wakaendelea kubishana. Mimi nilikuwa nikimtazama yule mtu mrefu kwa darubini. Wanamwita Mwalimu, maana alifundisha hesabu mpaka akastaafu. Mguu aliuvunja alipotumbukia mtaroni akiwa anatazama juu. Na yeye, kwa bahati mbaya yangu, akanipenda. Aliwaambia wenzake kwamba mgeni huyu ana jicho zuri, anaweza kutazama kitu kimoja kwa muda mrefu bila kuchoka.

Nilichanganyikiwa, kaka. Mtu niliyemchukia alikuwa akinimiminia chai kutoka kwenye chupa yake. Nilikuwa nikienda pale na hasira, narudi nikijua tofauti ya membe na yangeyange.

Siku moja alilalamika kwamba friji yake haigandishi. Nikajitolea kwenda kuitazama, nikijisemea kwamba humo ndani nitapata ushahidi. Nyumba yenyewe ni ndogo, safi, vitabu mpaka jikoni. Mke wake alinifungulia mlango, mama mcheshi, akaniambia mumewe akiibiwa yeye hatahangaika, atakwenda tu kumtafuta juu ya mti. Friji haikuwa na ugonjwa wa maana: mpira wa mlango umelegea, vumbi limejaa nyuma. Nilipokuwa nanawa mikono nikaiona picha ukutani. Kikundi kizima, mabwawani, na mbele kabisa mke wangu, amemkumbatia mke wa Mwalimu, wote wawili wanacheka. Amevaa kofia ambayo sijawahi kuiona.

Nikauliza huyu wa kofia ni nani, sauti yangu nimeishika kwa mikono miwili. Yule mama akasema huyo ni dada yetu wa mikate, kwa jinsi alivyokuwa akiwaletea mikate iliyookwa Ijumaa. Akaniambia kwamba miaka mitatu nyuma walimkuta korongo amenaswa na uzi wa mshipi, umemkata mguu karibu na mfupa. Wanaume walikuwa bado wanajadiliana wafanyeje, dada wa mikate akavua viatu, akaingia kwenye lile tope mpaka kiunoni, akamfunika korongo kichwa kwa khanga yake, akaukata uzi kwa meno. Tangu hapo akawa anafuatilia kila anapokuja, anaandika. Mwalimu akaongeza kwamba wao wengine wanahesabu ndege, ila yule dada anawajua.

Nikauliza kuhusu mume wa huyo dada. Mama yule akasema kwamba dada alimsifu mumewe, ni mchapakazi, hana maneno mabaya. Lakini mwanzoni kabisa alimwambia habari za ndege, na huyo mume akacheka, akaenda kuwasimulia wenzake kazini. Wiki nzima mafundi walikuwa wakimwona njiani wanapiga mikono kama mabawa. Basi akaamua kitu hicho atakiweka mahali ambapo hakuna wa kukicheka.

Kaka, nilikuwa nimesahau. Nakuapia nilikuwa nimesahau kabisa, mpaka pale, mikono yangu inadondosha maji kwenye sakafu ya watu. Ni kweli nilicheka. Hata mabawa nilianza mimi.

Jumamosi iliyofuata Mwalimu alinigusa bega akasema, "Yule, amekuja." Nikatazama. Alikuwa amesimama peke yake kando ya maji, mrefu, kijivu mgongoni, kifuani mweupe. Akapiga hatua, akachechemea, akasimama tena kama mtu aliyesahau alikuwa anakwenda wapi. Ndiye huyo mwanamume tuliyemjadili saa tatu nzima mbele ya wazee. Sikujua nicheke au nilie. Nilivua kofia, na mpaka leo sijui kwa nini.

Siku hiyo hiyo mwenyekiti alitutangazia kwamba halmashauri inataka kuyafukia mabwawa mawili ya chini, wajenge maghala. Watasikiliza wananchi Ijumaa ya wiki ijayo. Kikundi kinahitaji kumbukumbu za kuonyesha kwamba ndege wanaishi pale mwaka hadi mwaka, na zilizo kamili ni zile za dada wa mikate tu, ila ameacha kuja na simu yake haipatikani. Akauliza kama kuna anayejua anakoishi. Nikatazama maji.

Sasa kaka, kama umesimama, kaa.

Mimi sikumwona mwanamume yeyote. Siku ile mzee mkwe aliponiuliza nimeona au nimesoma tu, wewe ulinigeukia, nami nikasema nimemwona kwa macho yangu, mrefu, koti la kijivu, anachechemea, wameshikana mikono. Nilimtoa daftarini, na mikono nikaongeza mwenyewe. Ukasimama mbele ya watu wote ukasema mdogo wako hajawahi kukudanganya tangu azaliwe. Nilikusikia ukisema hivyo nikanyamaza. Ndiyo maana nilipomkuta Mwalimu pale mabwawani nilishika waya. Mtu niliyemtunga alikuwa amesimama mbele yangu anapiga chafya.

Na jingine. Niliwaambia kwamba mke wangu alikataa kunijibu. Si kweli. Siku niliyoliona daftari, alipotoka kazini nilimuuliza huyu ni nani, akanijibu, "Ni ndege. Jumamosi twende nikakuonyeshe." Nilijiambia ananidhihaki. Hapana, hata hilo si kweli, ngoja niliseme vizuri. Kwa muda kidogo nilimwamini. Kisha nikakumbuka Jumamosi zote alizonidanganya, hasira ikapanda, nikaona nikiiacha ishuke nitabaki na aibu. Na asubuhi ile ya kwanza, nilipowaona wale watu tisa na darubini zao, nilijua, kaka. Nilijua pale pale. Lakini Mwalimu alikuwapo na koti lake na mguu wake, nikamng'ang'ania wiki nane, kwa sababu akiwa na hatia yeye, mimi sina. Ni akili ya namna gani hii? Nimejiuliza mpaka nimechoka.

Alhamisi nilikwenda kiwandani wakati wa kutoka. Alitoka na unga mpaka viwikoni. Nilimwambia yote, tumesimama kando ya kreti za mikate, wenzake wanapita wanatutazama. Kitu cha kwanza alichouliza ni kama mguu wa korongo umevimba. Nikasema haujavimba. Akauliza maji yamepungua kiasi gani, nikamwonyesha kwa mkono. Halafu akasema daftari ni lake na atalipeleka kikundini mwenyewe. Kuhusu mimi alisema neno moja tu: "Ulisema mbele ya baba yangu. Nenda ukaseme mbele ya baba yangu."

Nikamuuliza kwa nini kwenye kikao alikaa kimya vile. Akasema alikuwa anasubiri nimalize. Nimelala na jibu hilo siku tatu. Sijui alikuwa anasubiri nimalize kusema, au nimalize kila kitu kilichokuwapo kati yetu. Sikuthubutu kuuliza tena.

Mwalimu nilimwambia juzi. Alijitazama akauliza koti lake lina kosa gani. Sikujua kama ameudhika.

Basi ombi langu ni hili. Jumamosi hii sitakwenda mabwawani, nitakwenda ukweni, saa nne. Mzee nimeshampelekea habari, naye amesema wote waliokuwapo siku ile watakuwapo tena. Litoe daftari kabatini uje nalo. Sikuombi useme chochote. Najua nimekuvunjia heshima mbele ya watu uliowaapia, na ukiona vigumu kukaa upande wangu, kaa upande wao, nitaelewa. Ukiona huwezi kuja kabisa, mpe shemeji alilete, kwa kuwa Ijumaa inayofuata ndiyo ya halmashauri. Mimi nitakwenda hata nikiwa peke yangu.

Yeye hajasema atarudi. Hajasema hatarudi. Nitakayoyasema ni maneno sita tu: Sikumwona mtu. Nilidanganya. Yeye alisema kweli. Nayafanyia mazoezi karakanani, nimeingiza kichwa kwenye friji ya mteja ili asinisikie mtu, na hadi leo sauti inakwama kwenye neno la tatu.

Nisalimie nyumba nzima, na goti usilibebeshe kazi. Nasubiri jibu lako, hata likiwa la hasira, mradi limetoka kwako.

Wako akupendaye na aliyekukosea,

Mdogo wako, fundi.